Tundu Lililozibwa kwa Saruji

Mtu mmoja aliyeitwa Malakia Ngailo alipanda mizabibu mahali ambapo kila mtu alimwambia haitaota. Ilikuwa huko kwenye miinuko ya kusini, ambako mwezi wa sita umande huganda juu ya majani na ng'ombe hutoa moshi puani hadi saa tatu asubuhi. Watu wa huko walilima viazi na ngano. Zabibu walizisikia kanisani tu. Lakini Malakia alikuwa amefanya kazi kwa mapadri ujana wake wote, akajua kupogoa na kukamua, na aliporudi kwao alikuja na vijiti vya mizabibu vilivyofungwa kwenye gunia bichi. Vingi vilikufa. Vichache vilishika.

Zabibu za baridi huiva kwa kuchelewa, zikawa na ladha ambayo za joto hazina. Malakia akaoa mke, jina lake Enesia, na wawili hao wakachimba pango ubavuni mwa kilima kwa sululu na majembe. Huko ndiko walikoweka mapipa. Mlango wa pango ulikuwa upande wa juu, ukiingia unashuka ngazi kumi na mbili mpaka sakafuni. Na chini kabisa, kwenye ukuta wa upande wa mteremko, Malakia aliacha tundu ambalo mbwa angeweza kupita.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye neno. Zabibu zikishakamuliwa huanza kuchachuka, na zinapochachuka hutoa hewa nzito. Huioni na haikushtui kwa harufu, maana pango zima linanukia mvinyo. Hewa hiyo hujaa kuanzia sakafuni, kama maji yanavyojaa ndani ya ndoo, na mtu akiivuta anaanguka kabla hajamaliza kushangaa. Malakia alilijua hilo. Tundu la chini lilikuwa njia ya hewa hiyo kumwagikia mteremkoni. Tena, kila aliposhuka siku za kuchachuka, alishika kibatari alichokifunga kwenye waya, kikaning'inia usawa wa goti. Mwanawe Hezroni alipokuwa mkubwa wa kutosha kushuka naye, alimwambia maneno mawili tu: "Kikizimika, geuka."

Hakumweleza zaidi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alidhani miaka ipo.

Malakia alikufa kwa ugonjwa wa kifua, shamba likawa la Hezroni. Hezroni alikuwa mchapakazi, sitamsingizia. Aliongeza safu za mizabibu mpaka kilima cha pili, akapata wanunuzi mjini, wageni wakaanza kuja kuona zabibu zinazoota kwenye baridi. Alimheshimu sana marehemu baba yake. Kwa sababu ya heshima hiyo akakichukua kile kibatari, akakisugua kwa majivu mpaka kikang'aa, akakitengenezea kasha la kioo, akakiweka ukutani kando ya mlango wa pango. Mara moja kwa mwaka, siku ya kwanza ya kukamua, kilitolewa, kikawashwa, familia ikasimama mlangoni, wageni wakapiga picha, na mwinjilisti akaomba.

Mwinjilisti huyo nilikuwa mimi. Miaka kumi na moja nilikiombea kibatari ambacho hakikushuka ngazi hata moja.

Siku nyingine zote Hezroni alishuka mikono mitupu. Hakuna lililompata, kwa sababu tundu lilikuwa wazi.

Hezroni alikuwa na watoto wawili, Eliabu na Tulinagwe. Eliabu alisomea kazi ya mvinyo chuoni, akarudi na vyeti na bidii. Aliingiza umeme pangoni, taa nne kubwa, mpaka ungeweza kusoma gazeti chini kule bila shida. Tatizo lake lilikuwa baridi. Miaka ya baridi kali mvinyo ulikwama katikati, ukakataa kuchachuka, ukaharibika. Siku moja alichuchumaa pangoni akahisi upepo wa barafu ukimpiga kwenye vifundo vya miguu, akaufuata mpaka kwenye tundu.

"Baba, tundu hili ni la nini?"

"La babu yako," akajibu Hezroni.

"Najua ni la babu. Lilikuwa na kazi gani?"

Hezroni akafikiri. "Nimelikuta," akasema.

Siku ya Jumamosi Eliabu akaliziba kwa mawe na saruji. Mwaka huo pango lilipata joto, mvinyo ukachachuka bila kukwama, ukatoka safi. Mavuno yalikuwa madogo, mapipa machache, na mlango wa juu ulikuwa ukiachwa wazi kutwa nzima. Hakuna aliyedhurika. Watu wakamsifu kijana. Baba yake alimsifu mbele yangu, akasema, "Huyu amemaliza ugonjwa ambao baba yangu na mimi tuliuvumilia miaka hamsini."

Mwaka uliofuata mizabibu ilibeba kuliko ilivyowahi kubeba. Wakanunua matangi matano makubwa. Pango likajaa.

Siku ya tano ya kuchachuka, Jumanne asubuhi, Hezroni alishuka kukandamiza maganda ya zabibu yanayoelea juu ya matangi, kazi ambayo alikuwa ameifanya tangu ujana. Usiku uliotangulia walikuwa wamefunga mlango wa juu ili joto lisitoke. Aliwasha taa zote nne, akashuka.

Saa nne Eliabu alifika mlangoni akamwita. Akamwita tena. Akachungulia, akamwona baba yake amelala ubavu kando ya tangi la tatu, mkono mmoja uko chini ya shavu, kama mtu aliyejipumzisha. Mwanga ulikuwa mkali, aliona hata vifungo vya shati lake. Hapakuwa na moto, wala nyoka, wala damu, wala kitu kilichovunjika. Palikuwa panang'aa tu. Eliabu akashuka mbio.

Alifika ngazi ya nane. Magoti yakamwishia, akakaa, kisha akalala chali, kichwa chake kikielekea mlangoni na miguu ikielekea kwa baba yake.

Aliyeyaona hayo ni Tulinagwe, aliyekuwa amewaletea chai. Chupa ya chai ikamponyoka. Akapiga ukelele ambao mimi niliusikia nikiwa barabarani, nikafikiri ni mnyama. Nikaanza kukimbia kupanda kilima.

Bibi Enesia alikuwa ameketi juani hatua chache kutoka pale, anachambua zabibu zilizooza kutoka kwenye nzuri. Alikuwa amepita miaka themanini. Sijui aliinukaje. Ninachojua ni kwamba Tulinagwe alipogeuka ili aingie, alimkuta bibi yake amesimama katikati ya mlango, ameshika miimo yote miwili, mgongo wake kwa walioanguka na uso wake kwa mjukuu.

"Bibi, nipishe! Baba yumo humu!"

"Najua yumo. Nimemzaa mimi. Hupiti."

Nilifika wakati huo. Niliona kwa macho yangu mjukuu akimpiga bibi yake. Alimpiga kifuani, akamvuta kitambaa cha kichwa kikaanguka, akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka. Vibarua watatu walikuwa wamesimama, wameshika vichwa. Yule mama mzee hakurudisha hata kofi. Wala hakugeuka kuangalia nyuma yake, hata mara moja. Nilitaka kumwondoa mlangoni mimi mwenyewe. Nilikuwa na nguvu za kutosha. Nilimshika bega, naye akaniangalia, na nikauondoa mkono wangu bila kujua kwa nini.

Akawaambia vibarua, kwa sauti ile ile aliyoitumia kila siku kuwaambia walete kuni: "Shikeni sululu. Zungukeni mteremkoni, chini ya ukuta, palipozibwa saruji. Vunjeni."

Wakaenda. Tulisikia sululu ikigonga. Kila pigo Tulinagwe alilia, "Wanakufa! Wanakufa!" na bibi yake alijibu kila mara neno moja: "Najua."

Jiwe la mwisho lilipotoka hatukuona kitu. Nilitegemea moshi, au kishindo. Hapakuwa na chochote. Ila kibarua aliyekuwa ameinama karibu na tundu alirudi nyuma akiyumba, akaketi kwenye nyasi, akashindwa kusema jina lake kwa muda. Nilielewa ni kitu gani kilikuwa kikitiririka mbele ya miguu yetu.

"Kibatari," akasema Bibi Enesia.

Tulinagwe akavunja kasha la kioo kwa kiwiko. Wakafunga waya. Wakakiteremsha ngazini, kikazimika kabla ya ngazi ya sita. Wakakiwasha, wakakiteremsha, kikazimika tena. Mara ya tatu kikawaka mpaka karibu na kichwa cha Eliabu, mwali ukawa mdogo na wa bluu lakini ukakaa. Bibi Enesia akaachia miimo ya mlango. Vidole vyake havikukunjuka, tulilazimika kuvifungua kimoja kimoja.

"Sasa nendeni," akasema. "Mmoja tu aingie, afungwe kamba."

Tukamtoa Eliabu. Alikuwa na rangi ya majivu, lakini tulipomlaza nje alikohoa, akatapika, akafungua macho. Kwa baba yake tulisubiri. Kibatari kilipofika sakafuni kikiwa kinawaka, ilikuwa saa sita inakaribia. Hezroni alikuwa ameshapoa. Daktari alituambia baadaye kwamba alikuwa amekufa zamani, kabla hata ya mwanawe kufika mlangoni na kumwita.

Mnajua jinsi habari zinavyotembea. Jioni ile ile kijiji kizima kilikuwa kimeshasikia, si kwamba Hezroni amekufa pangoni, bali kwamba mama mzazi alisimama mlangoni akawazuia watu wasimwokoe mwanawe. Wengine walisema ameingiliwa na kitu. Wengine walisema mambo mabaya zaidi, ambayo sitayarudia mbele ya watu wazima wenzangu. Kwenye mazishi wanawake walikaa mbali naye kwenye jamvi. Alikaa peke yake, mkono wake umefungwa kitambaa. Tulinagwe hakumsogelea.

Siku ya tatu, walipoanua matanga, ukoo ukakaa kikao. Msemaji alikuwa Mzee Ambilikile, mdogo wake Malakia, mtu mzito ambaye neno lake lilikuwa likisikilizwa. Akasema, "Nimezika watu wengi katika nyumba hii. Sijawahi kuona mama anayeziba mlango na mwanawe yumo ndani anakata roho. Shemeji, sisi hatuna la kukufanya. Lakini rudi kwenu. Mizabibu hii haiwezi kukuona tena."

Bibi Enesia akainamisha kichwa. Hakujitetea. Nilidhani yamekwisha.

Ndipo Eliabu akasimama. Alikuwa bado anashikilia kiti ili asianguke, na sauti yake ilikuwa imekwaruzika. Akasema, "Babu, usimfukuze. Tundu niliziba mimi. Baba hakujua lilikuwa la kazi gani, na mimi sikuuliza zaidi ya mara mbili. Kama ni mtu wa kuondoka kwenye mizabibu hii, mnaongea naye."

Mama mmoja aliyekuwa akigawa ugali alibaki ameshika mwiko hewani. Sidhani kuna aliyekuwa tayari kusikia hilo kutoka kwa kijana ambaye wote walikuwa wamemsifu. Hasira iliyokuwa imemwelekea bibi ikaanza kugeuka, niliiona ikigeuka, macho yakihama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na dada yake Eliabu akamtazama kaka yake kana kwamba hajawahi kumwona.

"Kaa chini, mume wangu," akasema Bibi Enesia. Ndivyo alivyozoea kumwita mjukuu wake kwa utani, lakini siku hiyo hapakuwa na utani katika sauti yake. "Kaa, hujamaliza kupona. Wao hawajasikia lote."

Akainuka kwa shida, akasimama katikati yetu.

"Nililichimba tundu lile na mume wangu," akasema. "Tulimaliza nikiwa na mimba ya Hezroni. Malakia aliniambia ni la nini. Aliniambia mara moja tu, lakini niliona kuku akifa mbele ya tundu hilo siku mvinyo unachachuka, na sikusahau. Jumamosi ile mjukuu wangu alipoliziba, nilimwona. Nilipita pale. Alikuwa amechanganya saruji na mchanga, hana maji. Akaniambia, Bibi, nisaidie maji. Nikamtekea."

Eliabu akakaa kwenye kiti.

"Nilikuwa na neno mdomoni," akaendelea. "Nikajiambia, mtoto amesoma, bila shaka wanajua namna nyingine siku hizi. Nikajiambia pia, nikisema ataniona mshamba. Alikuwa ameniita nimsaidie. Siku nyingi hakuna aliyekuwa ameniita nisaidie kitu chochote. Nikafurahi. Nikamimina maji polepole, nikamuuliza, yanatosha? Akasema, yanatosha, Bibi. Nikaenda zangu."

Akaonyesha mkono wake uliofungwa kitambaa.

"Mnashangaa kwa nini nilijua cha kufanya pale mlangoni. Nilijua siku zote. Hilo ndilo mnifukuzie, siyo la mlango."

Mzee Ambilikile alikuwa mtu mgumu. Nilimwona akifunika uso kwa kofia yake. Kikao kilivunjika bila uamuzi, watu waliinuka mmoja mmoja wakatoka nje bila kuagana. Bibi Enesia hakurudishwa kwao, maana hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo tena. Tulinagwe alibaki ndani. Alileta maji ya vuguvugu kwenye beseni, akafungua kile kitambaa, akaosha alama za meno yake mwenyewe.

Sasa niwaambie lililonisibu mimi, ili msidhani nawasimulia ya wenzangu. Katika kikao kile nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbele, Biblia magotini. Kijana alikiri. Mama mzee alikiri. Nilijua kwamba zamu yangu imefika. Miaka kumi na moja nilikuwa nimesimama mbele ya pango lile nikiomba kwa sauti nzuri, na hata mara moja sikuuliza kibatari kile ni cha kazi gani. Ningeuliza, Hezroni angekumbuka maneno mawili ya baba yake. Angeweza kukumbuka. Nilisafisha koo. Watu wakadhani nataka kufunga kwa sala, wakainamisha vichwa. Nami nikafunga kwa sala.

Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kulisema.

Shamba bado lipo. Tulinagwe ndiye anayeliongoza, na Eliabu anafanya kazi chini ya dada yake kwa hiari yake mwenyewe. Tundu wamelipanua, sasa mtu mzima anaweza kupita akitambaa. Miaka ya baridi kali mvinyo wao hukwama, nao huumwaga, na hawaoni haya kuwaambia wateja kwamba mwaka huu hakuna. Anayeajiriwa pale, kabla hajapewa jembe, hupelekwa mteremkoni akaonyeshwa tundu, akaambiwa habari yote kwa majina ya watu, yaani nani alichimba, nani alisahau, nani aliziba, na nani alikufa. Bibi Enesia ndiye aliyewaagiza wasifiche jina lake, na walipomzika mwaka juzi hawakulificha.

Mmekuja hapa mkinilalamikia vijana wenu, kwamba wameacha njia, kwamba wameziba kila kilichoachwa na wazee. Nimewasikia, na mengi ni kweli. Nami nina swali moja tu, na kila mmoja wenu ajibu kimoyomoyo akiwa njiani kwenda nyumbani: siku ile mwanao alipokuwa akikoroga saruji, wewe ulikuwa umeshika nini mkononi?